Stendi ya ikweta yenye maduara ya majiranukta: uzoefu wangu

Stendi hii ya darubini, ambayo mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani nukta ambayo anga lote huonekana kuizunguka, haina mota wala kompyuta. Naitumia na darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 900. Ina maduara mawili ya namba, ya kusomea majiranukta, yaani anwani ya nyota angani. Duara la saa huonyesha nyota iko wapi kwa upande wa mashariki na magharibi; lina 0 hadi 24, na namba zake hukua kuelekea mashariki. Duara la digrii lina 0 hadi 90 kila upande, nalo huonyesha nyota iko kaskazini au kusini ya ikweta ya anga (mstari wa kufikirika ulio juu ya ikweta ya dunia) kwa kiasi gani. Wengi huyaona ni pambo tu. Mimi nayategemea, ila kwa kazi moja: kuondoka kwenye nyota ninayoiona na kufika kwenye kitu nisichokiona.

Ukubwa wake ndio unaoamua hivyo. Duara la saa lina kipenyo cha sentimita 7 hivi, kwa hiyo saa nzima ya anga imebanwa ndani ya milimita 9. Mistari yake ni ya dakika 10, na kila nafasi kati ya mistari ni milimita moja na nusu, ambayo angani karibu na ikweta ni digrii 2.5. Duara la digrii limegawanywa kwa digrii 2. Ukisoma kwa makini sana utakosea digrii 1 au pungufu kidogo. Ndiyo maana lenzi ya jicho ya kutafutia iwe ya milimita 25: hukuza mara 36 na kuonyesha anga la digrii 1.4 hivi. Ukianza na ile ya milimita 10 unaona kama nusu digrii tu, na utahangaika usiku kucha.

Kwanza pima stendi kwa pimamaji, weka latitudo ya mahali ulipo, kisha elekeza ule mhimili kwenye ncha ya anga. Ukiwa kaskazini ya ikweta, Kutubu, yaani Nyota ya Kaskazini, iko chini ya digrii 1 kutoka kwenye ncha, basi inatosha. Kusini hakuna nyota angavu ya namna hiyo. Tumia dira, na usisahau kurekebisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi. Kwenye latitudo ndogo mhimili hulala karibu sawa na ardhi, na fimbo ya uzito inaweza kugonga mguu wa stendi. Geuza miguu kabla ya kukaza.

Sasa mfano. Shira (Sirius), nyota angavu kuliko zote usiku, iko saa 6 dakika 45, kusini digrii 16 dakika 43. Fungunyota (kundi la nyota zilizo karibu karibu) la M41 liko saa 6 dakika 46, kusini digrii 20 dakika 45. Weka Shira katikati ya lenzi, zungusha duara la saa kwa mkono lisome 6:45, kisha shuka kusini digrii 4, yaani mistari miwili. M41 imo ndani. Fanya haraka: bila mota anga husogea digrii 1 kila dakika 4, na Shira hutoka kwenye lenzi baada ya dakika 3 hivi. Kwa hiyo duara la saa lipangwe upya kila unapoanza safari. La digrii likishalinganishwa na nyota moja na skrubu yake kukazwa, halihitaji kuguswa tena.

Safari ndefu ndiyo inayofichua mpangilio mbaya. Kutoka Sumbula, ambayo ramani nyingi huiandika Spica, hadi fungunyota la Omega Centauri, saa zinatofautiana kwa dakika 2 tu lakini unashuka digrii 36. Mhimili ukikosa ncha kwa digrii 2, unaweza kupotea kwa zaidi ya digrii 1 na kuona giza tupu. Kosa hilohilo, kutoka Shira hadi M41, hata hulioni.

Angalia mambo mawili zaidi. Duara la digrii halina alama ya kutoa, kwa hiyo ukivuka 0 namba zinaanza kupanda tena upande wa pili. Pia duara la saa lina safu mbili za namba, moja ya kaskazini na moja ya kusini. Sukuma darubini mashariki: safu ambayo namba zake zinaongezeka ndiyo yako. Na dakika ya saa si dakika ya digrii. Ile ya saa ni kubwa mara 15.

Lawama yangu kwa stendi ni duara la saa lenyewe. Limeshikwa kwa msuguano tu, na likilegea huburutwa kidogo mhimili unapozunguka, hivyo namba inadanganya bila wewe kujua. Likishalegea, lishike kwa kidole kimoja huku mkono mwingine ukisogeza darubini, kisha soma.