Darasa la muziki Soweto, Mbeya: nyota 4 kati ya 5, wazazi someni mpaka chini

Naandika hii kwa sababu wamama wenzangu wa kwaya wananiuliza kila siku kuhusu lile darasa la kinanda watoto wangu wanaposoma, nimechoka kutuma voisi noti moja moja, sasa someni hapa wote. Jina la mwalimu naliacha maana sijamwomba ruhusa, anayemtaka kweli aje inboksi.

Jibu fupi: peleka mtoto. Hasa kama ana miaka kumi na kitu na ameshaanza kukwambia "mama mimi nataka kusomea muziki". Kama unataka tu mtoto apige happy birthday kwenye sherehe basi hela yako itakuuma, kwasababu huyu mwalimu haendi haraka, na wa kwangu wa pili (yuko darasa la sita) alikaa muda mrefu anapiga vidole vitano tu mpaka baba yake akaanza kuuliza hivi tunalipia nini.

Ada ni 60,000 kwa mwezi mara mbili kwa wiki, nusu saa mtoto yuko na mwalimu peke yake na nusu saa nyingine anakaa na wenzake kwenye thiori (nadharia, kusoma na kuandika nota) au anafanya mazoezi na hedifoni. Kwa Mbeya sio rahisi, najua, hiyo ni gunia zuri la mkaa na chenji inabaki. Ila nusu saa ya mtoto mmoja na mwalimu mmoja huipati kwingine. Pale mwanzo tulikuwa tunaenda sehemu nyingine (jina silitaji), watoto kumi chumba kimoja, vinanda vimebandikwa stika za rangi, mnaambiwa miezi mitatu atapiga kila kitu, na kweli mtoto akawa anapiga, ila ukitoa stika hajui yuko wapi.

Chumba chenyewe ni cha uani kwenye nyumba ya kawaida tu, usitegemee ukumbi. Kuna piano moja ya mbao ile ya kweli yenye nyuzi, ya zamani, vinanda vya umeme kadhaa, magita na vayolini. Ile piano ndo roho ya darasa, umeme ukikatika wengine wanakaa kusubiri ila aliye kwenye piano anaendelea kama hakuna kilichotokea. Ubaya wake inataka fundi wa kuikaza nyuzi na mafundi hao sio wa kumpata sokoni Mwanjelwa, kwahiyo kuna kipindi nota za juu zinakuwa zimepotea kidogo na inabidi mvumilie. Mwezi wa sita na wa saba mvalisheni mtoto gloves njiani jamani, sitanii, vidole vikiwa vimeganda na baridi ya huku nusu saa nzima inaishia kupasha mikono.

Sasa kwenye kufundisha. Watoto wetu wengi wanatoka kwenye kwaya, wameshazoea zile karatasi za solfa (do re mi iliyoandikwa d r m) zenye "Doh G" pale juu, yaani do iko kwenye nota ya G, mtoto anaimba alto yake bila kukosea. Mwalimu hatupi kile wanachokijua, hapo ndo alinifurahisha. Anachukua wimbo mtoto anaoujua kwa solfa, anamwonyesha do iko wapi kwenye mistari mitano ya kuandikia nota, halafu anahamisha do, sasa iko kwenye F, sasa kwenye D, mtoto mwenyewe anashtuka kwamba kumbe kitu ni kilekile. Binti yangu (kidato cha tatu) alianza kusoma mistari kwa njia hiyo na hakulia hata siku moja, wakati mimi nilivyojaribu kumfundisha kwa vidio za YouTube tulikosana. Solfa inatosha kabisa kwa kuimba lakini mikono miwili ikifanya vitu tofauti, huu umeshika nota ndefu, ule unakimbia, karatasi ya solfa inakuwa msitu.

Anafuata mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ile ya gredi 1 mpaka 8. Nilikuwa nafikiri ni lazima usafiri mpaka Dar ukakae mbele ya mzungu, kumbe kuna ile inaitwa Performance Grade, mtoto anapiga nyimbo nne mfululizo anarekodiwa vidio moja bila kukata, hata kwa simu inakubalika, mnaaplodi, mnasubiri matokeo. Kila wimbo alama 30 na nyingine 30 kwa jinsi alivyoziwasilisha zote kwa pamoja, jumla 150. Kufaulu ni 100, meriti 120, distinkshen 130. Wimbo wa nne unachagua mwenyewe ilimradi uwe na uzito wa gredi yako. Ile "bila kukata" ndo kazi, binti wa watu anapiga tatu safi, ya nne jogoo wa jirani anawika, na mwalimu anasema jogoo sio kosa la mpigaji, endelea, ila mtoto ameshacheka basi mnarudia zote nne tokea mwanzo. Alipata meriti gredi ya pili. Malipo ya mtihani yanaenda kwa kadi ya benki na ni pembeni na ada, mwalimu anawaambia mapema, hakuna kushtukizwa.

Na mjue hili maana wengi hawaambiwi: ukifika gredi 5 huwezi kuendelea na 6 ya kupiga mpaka uwe umefaulu thiori ya gredi 5 (kuna njia nyingine mbili za kuruka hicho kizingiti ila wengi wanapita hapo). Thiori gredi 1 mpaka 5 zinafanywa kwa kompyuta, za kuchagua majibu. Kwahiyo mtoto anayekimbia thiori leo atagonga ukuta baadae. Huyu mwalimu anawabana kwenye thiori kuanzia mwanzo na watoto wanamchukia kwa hilo, mimi nampenda kwa hilo.

Lakini kilichonifanya nimpe nyota 4 wala sio kinanda. Ni vile anavyokaa na wazazi. Kila muhula anawaita wazazi wa wale wakubwa, wa sekondari, mnakaa kwenye viti vya plastiki pale uani na anawapa ukweli bila sukari. Mzee mmoja alisimama akasema mwanangu ana gredi 4, je, chuo kitampokea? Mwalimu akamjibu, "Baba yangu, shikamoo, gredi ni nzuri, ila nionyeshe kwanza matokeo yake ya hesabu na kiingereza." Watu wakacheka lakini mzee aliandika.

Maana hali iko hivi, na mimi nimeifuatilia mwenyewe baada ya pale. Bagamoyo kuna TaSUBa, kile Chuo cha Sanaa cha toka 1981 kilichobadilishwa kuwa taasisi 2007, kinatoa astashahada na stashahada. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi) kawaida astashahada vinataka mtoto awe na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi!! Hapo wamama wa kwaya nawaangalia nyie, ile A ya Bible Knowledge ni baraka ila haiingii kwenye zile nne. Shahada ya muziki ipo Makumira kule Usa River Arusha, chuo cha KKKT, na Mlimani UDSM nao wana idara ya sanaa bunifu wanafundisha muziki. Shahada unaingia na prinsipo mbili (ufaulu kamili wa masomo mawili) za kidato cha sita au upite stashahada kwanza yenye GPA ya kutosha, kuanzia 3.0. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy pale Mji Mkongwe, huko ni udi na kanuni (ala za nyuzi za taarabu), vayolini, taarabu yenyewe, mtu anayetaka kupiga kweli kuliko kukaa na makaratasi apafikirie.

Sasa mtoto mwenye gredi 5 ya kinanda ambaye kidato cha nne alipata D mbili, huyo ana leseni ya udereva na gari hana. Mwalimu anasema hivyohivyo mbele ya watoto wenyewe na ni kazi ngumu kusema maana yeye anakula ada ya kinanda. Kuna mama alimwondoa mtoto akiwa kidato cha nne ili asome, mwalimu akamwambia mlete jumamosi moja tu kwa wiki na nitapunguza ada, usimkate kabisa, vidole vinasahau. Walikubaliana.

Baba watoto yeye hoja yake ilikuwa ajira, kama kila baba. Kijana mmoja aliyepita hapo zamani alialikwa akaongea: wiki anafundisha shule mbili za binafsi, jumapili anapiga kanisani kwa posho (posho, sio mshahara, mkae mkijua), na harusi msimu ukifika. Mwingine wa tarumbeta alifikiria bendi ya polisi. Hakuna aliyesema utajiri. Baba watoto alivyorudi nyumbani alikuwa mtulivu kuliko nilivyotegemea, yeye mwenyewe ni mtoto wa kanisa la Moravian amekua anabeba tarumbeta la baba yake, kwahiyo anajua muziki unalisha kiasi gani na wapi unagoma.

Kuhusu kinanda cha nyumbani, mwalimu ana msimamo na naona yuko sahihi. Msikimbilie kinanda chenye midundo mingi. Angalia kama ukibonyeza kwa nguvu kinalia kwa nguvu na ukigusa taratibu kinalia taratibu. Mfano Yamaha PSR-E373 inafanya hivyo, PSR-F52 ambayo ni rahisi zaidi haifanyi, na kwa macho zote zina vitufe 61 mtu wa kawaida haoni tofauti. Kwa kuanzia 61 zinatosha, za piano kamili ni 88 na zile nzito, ila hizo ni bei ya ng'ombe kadhaa, zisiwanyime usingizi gredi za mwanzo. Sisi tulinunua ya mtumba yenye mguso na inafanya kazi yake. Na mazoezi ni dakika 20 kila siku, sio masaa mawili ijumaa usiku kabla ya kipindi. Hapo mzazi ndo unapimwa maana unachoka na kazi na mtoto anapiga skeli (nota za kupanda na kushuka) ileile huku unasonga ugali.

Kwanini sio nyota 5. Kwanza muda, jumamosi inagongana na mazoezi ya kwaya na kipaimara, ukibadilisha siku unasubiri foleni. Jirani ni fundi geti na grenda yake haina adabu. Gita pale hafundishi vizuri, anajua kodi (zile nota za kupigwa kwa pamoja) za kutosha kuongoza ibada basi, kama mtoto ni wa gita tafuta kwingine.

La pili ni kubwa zaidi kwangu na nimeshamwambia ana kwa ana. Muziki wa kwetu haupo kabisa pale. Hakuna marimba, hakuna zeze, hakuna ngoma, sisi tuko Nyanda za Juu, Wahehe pale Iringa wana ligombo lao (ala ya nyuzi) na hakuna mtoto hata mmoja darasani aliyewahi kuligusa. Na huyohuyo mtoto akienda Bagamoyo atakutana na ngoma na ala za asili siku za mwanzo kabisa na watoto wa pwani na wa Dodoma watakuwa mbele yake. Alafu nimegundua binti yangu toka aanze kusoma mistari anaogopa kupiga kwa sikio. Zamani padri akianzisha wimbo bila taarifa yeye anaudaka, siku hizi anageuka anatafuta karatasi. Mwalimu alikubali, akasema muhula ujao dakika kumi za mwisho watapiga bila karatasi, ameanza, naona inarudi taratibu. La ala za asili amesema anatafuta mtu. Nasubiri, akimpata narudi hapa kuongeza nyota.

Kwa wanaotoka Uyole au Iyunga, bajaji zinafika mpaka karibu, jioni giza linaingia haraka kwahiyo ombeni kipindi cha mapema kwa wadogo. Januari panajaa, wazazi wote wanakumbuka vipaji vya watoto mwaka mpya, nendeni mwezi wa tatu wengine wakiwa wameshakata tamaa, nafasi zinakuwepo. Kipindi cha kwanza cha majaribio ni bure, mwache mtoto aingie peke yake, mzazi unasubiri nje.