Mwalimu wa mbwa aliyeanza na sisi kabla ya Popi: Sahare, Tanga

Nyumbani kwetu Sahare tuna mbwa wawili. Simba ni chotara wa jamani shepadi, kilo 32, mlinzi wa geti. Popi ni kijibwa cheupe cha manyoya, kilo 4, wifi yangu alituletea kutoka Dar akiwa na miezi mitatu. Mwaka mzima nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba Simba ndiye mwenye akili, Popi hafundishiki.

Ijumaa moja Ami, mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa anapita kwenda msikitini, kanzu imenyooshwa vizuri. Geti lilikuwa wazi kidogo tu. Popi akachomoka, akamrukia, akamlamba mkono na kumwachia matope kwenye kanzu. Kwa Ami mate ya mbwa ni najisi, yanaoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mie sina ugomvi na kiumbe chako, ila hutuba sasa itanipita," akageuka kurudi nyumbani kwake. Jioni ile nikaanza kuulizia mwalimu.

Wa kwanza niliyempata simtaji. Alikuja na mnyororo na fimbo ya mpera. Simba alivumilia. Popi alimng'ata kidole siku ya pili, na tangu hapo akawa anajikojolea kila akiona mtu ameshika kitu mkononi, hata mwiko. Nilimlipa nikamwambia asirudi. Inaniuma mpaka leo kwamba nilisimama pale nikitazama.

Huyu wa pili ndiye ninayeandika habari zake hapa. Ni kijana, anafuata watu majumbani, asubuhi mapema au baada ya alasiri jua likipungua. Kabla ya kukubali kazi alitaka kuona kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa. Ya Popi ilikuwa imepitwa na mwezi mzima. Akasema, "Mchanje kwanza, dada, mie nitakuja wiki ijayo." Nikajua nimepata mtu.

Kipindi cha kwanza hakugusa mbwa yeyote. Alituketisha barazani, mie, mume wangu, watoto wawili na dada wa kazi, akauliza: Popi akikurukia unafanyaje? Mume wangu humwinua akampakata. Mwanangu wa mwisho hucheka. Dada humfukuza kwa kandambili. Mie humwita jina mara tatu nne kwa sauti ya juu, kisha namwacha. Akauliza: na Simba je? Tukajibu karibu kwa pamoja, "Tunamwambia chini." Maana Simba akikurukia unaanguka. Mwalimu akanyamaza, akatuacha tuyasikie majibu yetu wenyewe.

Nikambishia kidogo. Nikasema kichwa chenyewe kile kitaingia nini? Akanikumbusha panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, kwa mlio mdogo na kipande cha chakula. Mmoja wao, Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la tiba ya wanyama la Uingereza, mwaka 2020, alikuwa na kilo 1 na ushee, na alitambua mabomu 71 kule Kambodia. Sikuwa na la kujibu.

Baadaye nilijisomea kwamba watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha mwaka 2010 majibu ya wenye mbwa 1,276. Mbwa wa chini ya kilo 20 kweli walionekana kutotii sana na kuwa na wasiwasi kuliko wakubwa. Lakini wenye mbwa hao wadogo nao leo waliwaambia mbwa wao hivi, kesho vile, na walicheza nao na kuwafundisha kwa nadra zaidi. Na kwa wadogo, adhabu za mara kwa mara ziliendana na woga. Nikaikumbuka ile fimbo ya mpera.

Mafunzo yenyewe ndiyo yaliyonivutia kuliko yote. Kwa Simba mwalimu alisimama. Kwa Popi alitandika mkeka akakaa chini, kwa sababu, alisema, mtu mzima akikuinamia ukiwa na urefu wa kandambili mbili, ni kama mnazi unakuangukia. Maini ya ng'ombe yaliyochemshwa aliyakata vipande vya kidole kwa Simba, na kwa Popi vya punje ya choroko, maana tumbo lile likijaa somo limekwisha. Popi akiweka makalio chini, mwalimu anagonga ulimi, tak, na choroko inafika hapo hapo. Akiruka, mwalimu anageuza uso, haongei, hamsukumi. Dakika tano, basi, mpaka jioni tena. Siku ya nne Popi alikaa mwenyewe mbele ya dada aliyeshika ufagio, mkia unapiga mkeka, hakujikojolea. Dada akaguna, kisha akainama akampa choroko yake kwa mkono wake. Nililia.

Haja ndogo ndiyo kazi ngumu zaidi kwa kijibwa, na hapa mwalimu hakunificha: kibofu ni kidogo, kwa hiyo Popi hutolewa nje kila baada ya saa mbili wakati Simba anasubiri nusu siku. Ukisahau, zulia limekwenda.

Yapo yasiyonipendeza. Anatoza shilingi 15,000 kwa kila mbwa kwa kipindi, hata wakifunzwa pamoja saa ile ile, na mvua ikinyesha haji wala hapigi simu. Tena anakataza kumvalisha mbwa mdogo kola ya shingoni, eti inabana koo, nami namwafiki, lakini mkanda wa kifuani wa saizi ya Popi haleti, unajitafutia. Mie nilishonewa na fundi viatu Ngamiani kwa mkanda wa begi kuukuu, na umetulia vizuri kuliko nilivyotegemea.

Tulimaliza vipindi vinane. Ukiwa na kijibwa na watu wa nyumbani mko tayari kusema neno moja wote, mwite. Kama baba atampakata na mama atamkemea, tunza pesa zako.

Ijumaa iliyopita Ami alipita. Nilikuwa getini, mkono mtupu, nikasema, "Kaa." Popi akakaa, hatua tatu kutoka kwenye kanzu, anatetemeka kwa hamu lakini makalio yako chini. Ami alisimama akamtazama, akasema, "Mashallah, ana adabu huyu," akaenda zake. Kilichobaki ni muuza samaki wa baiskeli. Akipiga honi tu, Popi anasahau kila kitu, na mwalimu amesema hilo litatuchukua mwezi mwingine.