Ibada ya Jioni ya Three Choirs redioni: sikiliza zaburi kwanza

BBC Radio 3 hurusha Choral Evensong, yaani ibada ya jioni ya kuimbwa, kila Jumatano, na kipindi hiki kimekuwepo tangu 1926. Mwalimu wa kwaya hapa Kisumu anahitaji simu na bando tu. Inayosubiriwa kwa hamu ni ibada ya juma la Three Choirs Festival, tamasha la muziki la Uingereza, kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, kwaya za makanisa makuu ya Gloucester, Hereford na Worcester zinapoimba pamoja. Mwaka 2026 zamu ni ya Gloucester. Angalia saa: Uingereza hubadilisha saa, sisi hatubadilishi. Julai wako nyuma yetu kwa saa mbili, Januari kwa saa tatu, na aliyezoea za Januari atafungua redio ibada imekwisha.

Kuna jambo huwachanganya watu. Matamasha makubwa ya usiku, yenye okestra ya Philharmonia, huimbwa na Festival Chorus, kundi kubwa la watu wazima. Kwaya ya kanisa kuu ni ndogo: watoto sauti ya kwanza, na nyingine tatu kwa kawaida ni za wanaume, hata alto. Siku hizi wasichana wamo pia. Kanisa kuu la Salisbury lilianzisha kwaya yake ya wasichana 1991. Sauti za watoto hao ni nyembamba, hazitetemi. Kumwambia mama wa sauti ya kwanza aziige ni kumkaba koo.

Wengi husubiri wimbo mkubwa wa kwaya baada ya sala. Faida iko kwenye zaburi. Kitabu cha sala cha Kianglikana kimegawa zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni, kwa hiyo jioni ya tarehe 15 hukutana na Zaburi ya 78, ndefu ajabu. Pande mbili za kwaya hupokezana. Chanti, yaani tuni fupi ya kuimbia zaburi, ikiwa ya mstari mmoja ina noti 10: nne nusu ya kwanza, sita nusu ya pili. Noti ya kwanza ya kila nusu hubeba maneno mengi kwa mwendo wa kusema, zinazofuata hufunga.

Hapo ndipo Kiswahili hukwama ukiiga bila kufikiri. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na noti ya mwisho ya chanti ni nzito. Ukigawa silabi moja moja, "mchungaji wangu" huangukia "-ngu", na inasikika vibaya. Gawa hivi: "Bwana ndiye mchu-" kwenye noti ya kwanza, kisha "nga", kisha "ji", halafu "wangu" lote kwenye noti ya nne. Nusu ya pili: "sitapungu-" kwenye noti ya kwanza, "ki" ichukue noti mbili, "wa", "na", na "kitu" lote mwishoni.

Usiige pumziko lao la katikati ya mstari. St Paul's ya London ina mwangwi wa sekunde nane hivi, lazima wausubiri. Chini ya mabati Nyalenda mwangwi hufa papo hapo na pumziko hilo hugeuka shimo. Pigo moja latosha.

Ibada ya tamasha ina kasoro yake: kwaya tatu zikiungana, maneno ya zaburi hupoteza makali. Kwa kufundishia, Jumatano ya kawaida yenye kwaya moja ni bora. Ya tamasha itakufaa kwa Magnificat, yaani wimbo wa Mariamu, na ogani ya mwisho, ambapo wingi wa sauti ni mali.

Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa nzima hula takriban MB 58. Ukipunguza sana kilobiti hizo ili kubana bando, mwangwi husikika kama maji yanachuruzika. Na usiwachezee wanakwaya kwa spika ya simu. Besi hutoweka, wakadhani ni kwaya ya sauti tatu.