Git, Fossil ama Mercurial: timu yenu ya Windows, Mac na Linux ichukue gani?

Timu nyingi hapa Nairobi ziko hivi: mmoja ana laptopu ya Windows ya eksi-yukei aliyonunua Moi Avenue, dizaina ako na Mac, na mtu wa sava hataki kusikia kitu kingine isipokuwa Ubuntu, aina ya Linux. Git, Fossil na Mercurial ni programu za kuweka historia ya kodi, yaani nani alibadilisha nini na lini. Zote nitakazotaja ni za bure, kwa hivyo angalieni kama hizo mashine zitaelewana na kama mtu mpya akiandikwa ataishika haraka. Historia yote inakaa kwa kila mashine, so stima ikipotea na waifai iende nayo bado mnakomiti (kuhifadhi mabadiliko kwa hiyo historia), mtandao ukirudi ndio mnapushi (kuyatuma kwa wenzenu).

Namba moja ni Git, ile Linus Torvalds alianzisha 2005. Hata kijana wa atachimenti anakuja akiijua, na tangu 2020 GitHub, tovuti ya kuweka miradi ya Git, inapea timu ripozitori (hifadhi ya mradi na historia yake) za siri bila malipo. Lakini isetini vizuri jamani! Windows inafunga mstari kwa CRLF (alama mbili zisizoonekana), Linux na Mac kwa LF (moja tu), sasa mtu anagusa mstari mmoja na inaonekana faili nzima imebadilika, halafu mnaanza kulaumiana bure. Siku ya kwanza kabisa wekeni faili ya .gitattributes yenye `* text=auto`, ili Git isawazishe hizo alama yenyewe, msiachie kila mtu setingi zake. Pia Logo.png na logo.png kwa Linux ni faili mbili, kwa Windows na Mac ya kawaida ni moja, hii inasumbua sana, kubalianeni majina yote yawe herufi ndogo. Mwenye bando kidogo akikloni (kunakili mradi kwa mashine yake) aweke `--depth 1`, apate toleo la sasa tu bila historia ya zamani.

Ya pili ni Fossil, ya D. Richard Hipp yule aliyetengeneza hifadhidata ya SQLite. Programu yenyewe ni faili moja, tiketi (orodha ya kazi na hitilafu) na wiki ziko ndani, na ripozitori nzima ni faili moja pia, kwa hivyo bekapu ni rahisi ajabu. Timu ya watu wachache ningeipea hii bila wasiwasi, shida tu ni kupata mtu anayeijua tayari.

Mercurial naiweka tatu. Amri zake ni nyepesi kuliko za Git, na TortoiseHg, programu ya kuitumia kwa kubofya, inasaidia wasiopenda kuandika amri, lakini Bitbucket, tovuti kama GitHub, iliiacha 2020, kwa hivyo mtaihositi wenyewe (kwa sava yenu) ama muende Heptapod, ambayo bado inaipokea.

Bazaar, programu nyingine ya zamani ya kazi hii, msianze nayo. Kama kuna mradi wa zamani umekwama humo, ufungueni na Breezy, programu inayosoma miradi ya Bazaar, muuhamishe Git.