Nilibonyeza q ufunguo ukayeyuka: uzoefu wangu na less

Naandika hii nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie. Less ni programu ya kusomea maandishi marefu kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia komandi. Kama huijui kwa jina basi umeshaitumia bila kujua, ndo ile inayofunguka ukiandika man na jina la komandi ili usome mwongozo wake, ndo ile inayoishika git log (historia ya mabadiliko ya mradi) isimwagike yote kwa mkupuo, spesi unashuka, b unapanda, q unatoka. Mengine yote utasoma mwenyewe huko. Mi nataka kuongelea hiyo q. Hiyo q tu.

Ilikuwa usiku, mwezi uliopita au ule wa kabla yake, sikumbuki vizuri. Nilikuwa nahamishia bakapu zangu kwa kampuni moja inayohifadhi data, jina naliacha maana sitaki hata kuwatangaza bure. Wana programu yao ndogo ya terminali, unaiwasha, inapitia mafaili yako yote, inayasimba yasisomeke bila ufunguo, inayapandisha, kazi ya siku tatu kwa intaneti yangu. Ikimaliza inakupa ripoti ndefu, na chini kabisa ya ripoti kuna ufunguo wa kurudishia data, mstari mrefu wa herufi na namba, unaoonyeshwa mara moja tu. Mara moja. Halafu ripoti yenyewe hawakuimwaga kwenye skrini kama watu, waliipitisha kwenye less.

Nikashuka hadi mwisho. Nikauona ufunguo kwa macho yangu haya mawili. Najua mtaniuliza kwa nini sikuukopi pale pale, sababu ni kwamba dirisha lilikuwa jembamba na mstari ulikatika ukaendelea chini, nikasema ngoja nitoke kwanza, nipanue dirisha, halafu niukopi taratibu kwa utulivu. Nikabonyeza q.

Peupe. Skrini ikarudi vile vile ilivyokuwa siku tatu nyuma, prompti, ile alama ya kusubiri komandi, inanikodolea macho kama vile hakuna kilichotokea. Nikaskroli juu, nikaona komandi yangu ya mwanzo, juu yake upuuzi niliokuwa nafanya kabla ya hapo, ripoti hakuna. Nikaskroli tena kana kwamba ikiona nimeng'ang'ania itanionea huruma. We acha tu, jasho lilinitoka.

Nikaingia kwenye chati ya huduma kwa wateja. Nikaeleza vizuri, kwa adabu, samahani ndugu, ripoti imefutika nilipobonyeza q, je naweza kuiona tena. Jibu: "Ufunguo huonyeshwa mara moja." Nikasema hilo najua, lakini mimi nimeuona ndani ya less tu halafu less imefuta skrini, na dirisha bado liko wazi hapa sijalifunga, hakuna namna? Jibu: "Umesoma mwongozo?" Nikamwambia ndugu yangu mwongozo utanisaidia nini sasa hivi. "Soma mwongozo, andika man na jina la programu, kila kitu kipo." Akaifunga chati. Akaifunga! Sijamaliza hata kuandika.

Basi mimi mjinga nikatii. Nikaandika man, kwenye dirisha lile lile, na mwongozo ukafunguka ndani ya less, na haukuwa na lolote la maana, nikabonyeza q na mwongozo nao ukayeyuka. Kumbukeni hilo tendo la kufungua man, nitalirudia.

Sasa kwa nini nilishangaa wakati natumia less miaka yote hii? Hili nimelijua baadaye na limenikera kuliko yote. Kazi zangu nyingi nafanya kwenye sava, ndani ya GNU screen, programu ya kuendesha terminali kadhaa ndani ya moja, na kule kuna kitu kinaitwa altscreen (cha kuhamia skrini ya pembeni, naieleza hapo chini) ambacho kimezimwa tangu mwanzo mpaka ukiwashe mwenyewe. Kwa hiyo kule ukitoka kwenye less maandishi yanabaki palepale, unaskroli, unakopi, unaishi. Na git nayo, usipoweka LESS (kigezo kinachobeba machaguo ya less) kwenye mazingira yako, inaiwekea FRX yenyewe, na ile X ndo inayofanya git log ibaki kwenye skrini. Yaani sehemu mbili ninazokaa muda mwingi maandishi yanabaki, halafu sehemu ya tatu, usiku mmoja, kwenye laptopu yangu, kwenye xterm tupu, yaani terminali bila ile GNU screen, yanafutika. Programu ile ile! Herufi ile ile! Utajifunzaje kitu kinachobadilika tabia kutegemea umekaa wapi?

Kumbe terminali ina skrini mbili. Ile ya kawaida yenye historia unayoskroli, na nyingine ya pembeni isiyo na historia kabisa. Programu za skrini nzima kama less, vim na htop (ile ya kuonyesha programu zinazoendelea) zikianza zinatuma alama za siri, ESC halafu [?1049h, terminali inahifadhi mahali ilipo kasa, ile alama ya unapoandikia, inahamia skrini ya pembeni, inaifuta, programu inachora mambo yake huko. Zikitoka zinatuma [?1049l na unarudi nyumbani kila kitu kikiwa kama ulivyokiacha. Kwenye terminfo, hifadhidata ya uwezo wa terminali, zinaitwa smcup na rmcup, watu wa zamani wa termcap, mtangulizi wake, wanaziita ti na te. Wazo lenyewe si baya, nakiri. Ukitoka vim hutaki mabaki ya faili lako yametapakaa juu ya prompti. Ila vim ni ya kuhariri na less ni ya kusoma, na ninachosoma mara nyingi ndicho ninachotaka kukiandika sekunde mbili baadaye! Nafungua man kutafuta chaguo fulani, nalipata, natoka niliandike, limeshapotea, narudi tena. Nani alikaa akaona hiyo ni sawa?

Sasa shikeni roho. Siku mbili tatu baadaye nikiwa nasoma mambo ya xterm nikakuta kwamba ile 1049 inaifuta skrini ya pembeni wakati wa KUINGIA. Kutoka haifuti. Rudieni hiyo sentensi. Nilipobonyeza q ripoti yangu haikufutwa, ilikuwa imekaa kimya kwenye ile skrini nyingine ndani ya dirisha lile lile nililokuwa nalitazama. Nikajaribu kwa faili lolote, less, q, halafu komandi ya kuchapa alama, printf '\033[?47h', maana 47 inahama skrini bila kufuta. Ukurasa wa mwisho ukarudi kama mzimu, mzima, prompti imekanyaga mstari mmoja tu. Hata uchawi wa printf si lazima, xterm ina menyu, unashika Ctrl na kitufe cha kati cha kipanya, kuna sehemu ya kuonyesha skrini ya pembeni, unabonyeza tu. Ufunguo wangu ulikuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Ulikuwepo wakati naandika kwenye chati. Ulikuwepo wakati yule bwana ananiambia soma mwongozo. Na kilichoufuta ni mimi kuandika man, kwa ushauri wake, kwa sababu man ilifungua less na less ikaingia skrini ya pembeni na ikaipiga deki kabla ya kuanza kuchora. Haki ya Mungu nilisimama nikatoka nje nikatembea.

Kwa hiyo less nyota moja. Hapana, ngoja, maana hasira zilipopoa nikaanza kutafuta dawa na hapo mambo yakageuka kidogo.

Dawa ya kwanza kila mtu atakupa ni less -X. Inaiambia less isitume zile alama, ibaki kwenye skrini ya kawaida. Nikaweka LESS=-RX kwenye bashrc, faili la mipangilio ya bash (programu inayopokea komandi), R ni ya kuacha rangi zipite, nikafungua man, nikatoka, maandishi yapo! Nilifurahi kama mtoto. Furaha ikadumu wiki hivi. Halafu nikagundua ukipanda na kushuka sana ndani ya less kila mwendo unaacha mabaki kwenye historia, ukija kuskroli baadaye unakuta ukurasa huo huo mara tatu, mistari imevurugika, kipande cha mwanzo kimekuja baada ya mwisho. Kwa ripoti fupi sawa. Kwa mwongozo wa bash, ule usioisha, ni takataka tupu.

Nikasema sasa ngoja niende hadi mwisho, nikaweka titeInhibit iwe true kwenye mipangilio ya xterm, yaani terminali yenyewe ikatae kuhama skrini hata ikiombwa. Hii ilikuwa hasira si akili. Kila nikitoka vim nusu ya faili imebaki imening'inia juu ya prompti, htop inaacha jedwali lake lote limekufa hapo, historia ikawa kama meza ya mtu asiyetupa kitu. Siku mbili nikaitoa. Kuna kipindi hata niliweka PAGER=cat, yaani maandishi yamwagwe tu bila less, msicheke, nikaandika git log kwenye mradi wa miaka sita, ikamwagika na historia yangu yote ya dirisha ikasombwa. Hapo ndo nikaiheshimu less upya, nakiri hadharani, kushika maji yasimwagike ni kazi na inaifanya vizuri.

Halafu nikakutana na --redraw-on-quit. Jamani. Hii less inatumia skrini ya pembeni kama kawaida, inapanda inashuka huko bila kuchafua chochote, lakini ukibonyeza q inarudi skrini ya kawaida halafu inachora tena ule ukurasa wa mwisho uliokuwa unausoma. Ukurasa mmoja tu, basi, na ndio huo huo unaoutaka. Ndicho nilichokuwa nahitaji usiku ule, hakipungui wala hakizidi. Nilipoiona ikifanya kazi mara ya kwanza nilikaa nikaitazama skrini kama dakika nzima. Nyota nne. Tano.

Ila sasa kama dawa ipo, kwa nini haijawashwa tangu mwanzo? Kwa nini mtu aungue kwanza ndo aende kuchimba kwenye orodha ya machaguo isiyo na mwisho, ambayo pia inafunguka ndani ya less? Na nikaipeleka kwenye LESS kwa furaha zangu zote hadi kwenye sava, ambako less ni ya zamani, na ile ya zamani haijui kitu hicho, kwa hiyo kila nikifungua man inaanza kwa kulalamika kwamba haina chaguo hilo na kunitaka nibonyeze Enter, kila mara, man Enter, git diff Enter, mpaka nikaweka masharti kwenye bashrc ichunguze kwanza toleo. Mtu mzima naandika masharti ili mwongozo usinikimbie. Nyota tatu basi, na hizo nazipa kwa kinyongo.

Na kuna hii ya mwisho, sijui niicheke au niilie. Less ina herufi s. Ukiwa unasoma kitu kilichokuja kwa bomba kutoka programu nyingine, kama ripoti yangu ile, unabonyeza s, unaandika jina la faili, Enter, yote imehifadhiwa. Herufi moja. Ipo humo miaka na miaka, mimi naikanyaga tu nikielekea q. Hapo kosa ni langu, sawa, nimekubali, lakini ile programu ya wale jamaa ilishindwa nini kuandika mstari mmoja juu, "bonyeza s uhifadhi"? Au basi wauandike ufunguo moja kwa moja kwenye skrini ya kawaida baada ya less kufungwa, printf moja tu, mtoto wa jana anaiweza. Unapitishaje kitu cha kuonekana mara moja kwenye mlango unaojifunga wenyewe? Niliwaandikia hilo pia. Hawajajibu, au wamejibu kwamba nisome mwongozo, sijafungua barua pepe tangu juzi.

Bakapu nimeianza upya kutoka sifuri, siku tatu nyingine, na imeisha leo kama nusu saa iliyopita. Ripoti iko wazi kwenye dirisha la pembeni hapa, nimepanua dirisha, nimebonyeza s nikaihifadhi, nimefungua lile faili kwenye dirisha lingine nikahakikisha ufunguo umo, nimeukopi kwa mkono kwenye daftari na nimeupiga picha na simu. --redraw-on-quit imewashwa, nimeijaribu mara nne kwa faili la uongo.

Bado sijabonyeza q.