Kituo cha watoto cha mtaani kwetu Mbagala: tathmini ya mzazi

Kituo ninachokitathmini hapa hakina bango wala jina rasmi. Wakazi wa mtaa wetu wa Mbagala, Dar es Salaam, hukiita "kwa walimu", na watoto hukiita "kituoni" tu. Kinaendeshwa na walimu wastaafu wakisaidiwa na vijana waliohitimu vyuo ambao bado wanasubiri ajira, katika ukumbi uliopatikana kwa msaada wa serikali ya mtaa, na kinapokea wanafunzi wa shule za msingi za jirani. Mwanangu alianza kwenda pale akiwa Darasa la Tatu na sasa yuko Darasa la Tano, kwa hiyo nimepata muda wa kutosha wa kuyaona mazuri na mapungufu. Kwa maoni yangu, hakuna huduma ya masomo ya ziada niliyowahi kuilipia ambayo imemfaa mtoto kama hii, na sababu kubwa ni kwamba mtoto hufundishwa kuanzia pale alipofikia yeye, hata kama darasa lake limekwisha kufika mbali zaidi.

Ili kuelewa umuhimu wa kituo cha namna hii, ni lazima kuijua ratiba ya mtoto wa huku kwetu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima, watoto waliofurika madarasani kuanzia Januari 2016 walikuwa wengi mno kwa vyumba vilivyokuwepo, na katika shule nyingi za Dar es Salaam zenye msongamano wanafunzi husoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Maana yake ni kwamba mtoto wa zamu ya asubuhi anakuwa huru tangu saa sita au saba mchana, na yule wa zamu ya mchana anaamka asubuhi akiwa hana pa kwenda, huku wazazi wake wamekwisha kuondoka alfajiri kwenda Kariakoo, viwandani au sokoni na hawatarudi mpaka usiku. Walimu wa kituo chetu wamelielewa jambo hili vizuri, na ndiyo maana hawafungui jioni pekee: wana kipindi cha asubuhi kwa watoto wa zamu ya mchana na kipindi cha mchana kwa wale wa asubuhi. Nimeona huduma kadhaa za twisheni ambazo hazijawahi kulifikiria hilo, na mzazi ndiye anayeachwa atafute namna.

Sehemu inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni jinsi watoto wanavyopokelewa. Siku ya kuandikishwa, mwalimu alimkalisha mwanangu kwenye mkeka kando ya wenzake, akampa karatasi nne moja baada ya nyingine: ya silabi, ya maneno, ya aya na ya hadithi fupi. Silabi alizisoma bila shida. Kwenye maneno alisoma "nyanya" na "kitabu" vizuri, akakwama kwenye "ng'ombe" na "mbwa", akaanza kubahatisha, jicho moja kwenye herufi ya kwanza na jingine kwenye uso wa mwalimu. Mwalimu hakumkatiza wala hakumsahihisha. Aliweka alama ndogo kwenye daftari lake, akamsifu kwa maneno aliyoyapata, kisha akaniita pembeni na kunieleza kwamba mtoto huyu wa Darasa la Tatu anahitaji kukaa kwanza na kundi la maneno, na kwamba nisimlaumu wala nisimwambie kwamba amerudishwa nyuma.

Wanaofuatilia elimu watalitambua jaribio hilo, kwa kuwa ndilo ambalo Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009, ulilitumia kuwapima watoto nyumba kwa nyumba katika Tanzania, Kenya na Uganda, ukaonyesha kwamba watoto wengi walivuka darasa moja hadi jingine bila kuweza kusoma hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili. Nao utaratibu wa kuwapanga watoto kwa kiwango chao badala ya umri ulipata umaarufu kupitia shirika la Pratham la India. Serikali yetu nayo, tangu mwaka 2015, iliuelekeza mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili kwenye stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ugumu uko kwenye utekelezaji: mwalimu mmoja aliyekabidhiwa chumba kilichojaa hadi mlangoni hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti, hata awe na moyo kiasi gani. Kituoni, kundi moja lina watoto wachache kiasi kwamba kila mmoja anasoma kwa sauti kila siku. Makundi yamepewa majina ya miti, mwembe, mnazi na mkorosho, ili mvulana wa Darasa la Tano anayekaa na wadogo zake asionekane ameshushwa, na kila baada ya wiki kadhaa watoto hupimwa upya na kuhamishwa.

Hapo ndipo tofauti na twisheni inapoonekana wazi. Kabla ya kituo hiki, mwanangu alisoma twisheni kwa mtu mmoja ambaye sitamtaja, na kila jioni alirudi na daftari lililojaa hesabu zilizonakiliwa ubaoni kwa mwandiko mzuri, zote zikiwa na alama ya vema. Nilipomwomba anisomee swali la mafumbo, lile linaloanza na Juma kununua machungwa, hakuweza kulimaliza. Hesabu haikuwa tatizo lake. Hakuwa ameielewa sentensi, na hakuna aliyekuwa amemwomba aisome. Kituoni, hesabu za kutoa kwa kukopa alifundishwa kwa vizibo vya soda vilivyofungwa kumi kumi kwenye vifuko, akawa anafungua kifuko kimoja kila alipohitaji kukopa, na sasa anaweza kumweleza mdogo wake kwa nini anafanya hivyo.

Ulinzi wa watoto umezingatiwa kwa kiwango ambacho sikukitarajia mahali panapotegemea watu wa kujitolea. Mlangoni kuna daftari la kuingia na kutoka, na mtoto mdogo hatoki na mtu ambaye jina lake halikuandikwa na mzazi, hata kama mtoto mwenyewe anasema ni mjomba wake. Wakati mmoja dada yangu alikwenda kumchukua mwanangu bila mimi kutoa taarifa, akaambiwa kwa heshima asubiri hadi nipigiwe simu. Alikasirika kidogo, lakini mimi nilifurahi. Ukutani imebandikwa namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, kwa maandishi makubwa na katika kimo ambacho mtoto wa Darasa la Kwanza anaweza kuiona. Uji hutolewa kila siku kwa unga na sukari vinavyochangwa na wazazi kwa zamu, na mzazi asiye na uwezo huja kupika badala ya kuleta unga.

Jambo jingine ninalolithamini ni kikao cha wazazi cha kila mwezi, ambacho hakifanani na vikao vya shule nilivyovizoea, vya kutangaziwa michango na matokeo. Hapa mzazi huonyeshwa daftari la mtoto wake na kupewa kazi moja ya kufanya nyumbani. Mama mmoja jirani yetu, ambaye hakubahatika kusoma, alieleza kwamba atashindwa kumsaidia mwanawe. Mwalimu akamwambia, "Mama, wewe mwachie akusomee, halafu mwombe akusimulie tena kwa maneno yake mwenyewe. Akisita, ujue hakuelewa." Tangu siku hiyo mama huyo hufanya hivyo jioni akiwa anakaanga vitumbua vya kesho, na mtoto anamsomea.

Mapungufu yapo, na ninayasema kwa kuwa nakitakia kituo hiki maisha marefu. Kubwa ni kuondoka kwa walimu vijana: kijana akipata ajira, ambayo ni haki yake, kundi lake hubaki mikononi mwa mtu mwingine ambaye inambidi aanze kuwajua watoto upya, na mwanangu alipoteza karibu muhula mzima namna hiyo. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili ni vichache, na watoto wa kundi la hadithi wamekwisha kuvikariri. Kituo na shule havizungumzi, kiasi kwamba mwalimu wa darasa la mwanangu hajui lolote kuhusu maendeleo yaliyoandikwa kwa uangalifu kwenye daftari la kituoni. Barua moja kwa mwalimu mkuu kila muhula ingetosha kuanzia. Tena, baadhi ya wazazi wa Darasa la Saba wanawashinikiza walimu waache kila kitu wafanye mitihani iliyopita tu, na mwaka jana walikubali kwa miezi kadhaa. Ningewasihi wasikubali tena, kwa maana mtoto asiyeelewa anachokisoma kwa Kiswahili hatakiweza kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza.

Mchango ni shilingi 1,000 kwa wiki kwa mtoto mmoja, na hakuna anayerudishwa nyumbani kwa kukosa. Usajili hufanyika shule zinapofunguliwa Januari na Julai, asubuhi ya Jumamosi, na ni vyema mzazi aende mwenyewe pamoja na mtoto, akiwa na majina na namba za simu za watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua. Mwenye mtoto wa zamu ya mchana awahi zaidi, kwa sababu kipindi cha asubuhi kina walimu wachache na nafasi zake hujaa mapema.