Kapsuli za gome la Prunus africana: chupa moja, miezi miwili, nyota mbili

Naanza na lalamiko langu kubwa, maana najua wengi husoma mistari mitatu wakaenda zao. Ndani ya chupa hii kuna gome lililosagwa. Dawa ya tezi dume iliyofanyiwa utafiti ni utomvu mzito (kwa Kiingereza extract) unaotolewa kiwandani kwenye gome hilo. Muuzaji anakuuzia cha kwanza kwa sifa za cha pili.

Mimi ni mwanamume wa miaka 63. Mwaka mzima nilikuwa naamka mara nne, tano kila usiku. Nasimama chooni, nasubiri, yanatoka matone, narudi kitandani, na kabla shuka halijapata joto nimeshabanwa tena. Daktari akanipima, na damu akaichukua, akasema tezi imetanuka lakini hakuona dalili ya saratani. Lebo ya chupa haikwambii ukapime kwanza, kwa hiyo nakwambia mimi: kapime. Mkojo wa shida unaweza kuwa na sababu zaidi ya moja.

Aliyeniagizia ni mpwa wangu. "Mjomba, hii imetoka msituni, haina kemikali." Nikamwachia. Ila kama haina kemikali, mwanangu, basi tunameza vumbi.

Mti wenyewe sina ugomvi nao. Ni ndugu wa mlozi na mpichi, huota misitu ya milimani ya Afrika, kuanzia Kameruni hadi Kenya na Madagaska, na gome lake ukilikwaruza linatoa harufu ya lozi chungu. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alichukua hataza ya utomvu wake, na tangu hapo wanaume wa Ulaya wamekuwa wakiutumia kwa tezi dume. Wataalamu wa Cochrane, kundi la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562: kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, na kasi ya mkojo ikaongezeka kwa asilimia 23. Majaribio mengi yalikuwa ya muda mfupi, na tezi yenyewe hakuna aliyedai imesinyaa. Hata hivyo, kwa mtu anayeamka mara tano, asilimia 19 ni usingizi wa haja.

Sasa chupa. Lebo inasema kapsuli 120, nimehesabu 117. Nikafungua moja juu ya sahani nyeupe: unga wa kahawia uliokolea wekundu, una nyuzinyuzi kama za mkeka uliochakaa, mchungu ukiulamba, harufu ya lozi hakuna kabisa. Maelekezo: mbili kwa siku, kila moja miligramu 500. Kwa hiyo nilikuwa nameza gramu moja ya gome kila siku.

Nikakaa na kalamu. Maelezo ya Shirika la Dawa la Ulaya yanataja kipimo cha miligramu 50 za utomvu, mara mbili kwa siku, na yanasema sehemu moja ya utomvu hutoka kwenye sehemu 114 hadi 222 za gome. Miligramu 100 kwa siku basi zinatoka kwenye gramu 11 hadi 22 za gome. Mimi na gramu yangu moja! Halafu utomvu huo hutolewa kwa kloroformu, kimiminika cha kiwandani kinachoyeyusha mafuta, kwa sababu vitu vinavyotafutwa humo, kama beta-sitosteroli, ni vya jamii ya mafuta na haviyeyuki majini. Ndiyo maana sikuhangaika kuuchemsha unga huu kama baadhi ya wanunuzi wanavyoshauriana.

Tatizo hili ni la zamani kuliko sisi. Gome la mkwinini lilitibu homa ya malaria kwa miaka mingi, lakini mganga aliyesaga gome hakujua leo amempa mgonjwa kiasi gani cha dawa, maana mti huu na ule havilingani. Mwaka 1820 wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou wakaitoa kwinini yenyewe kutoka kwenye gome, na ndipo dozi ikaanza kupimika. Vinkristini inayotibu saratani ya damu ya watoto inatoka kwenye ua la Madagaska ambalo watu hulipanda bustanini kwa urembo, na hakuna daktari atakayekwambia mtoto atafune majani.

Nilimwandikia muuzaji nikiuliza ni utomvu au ni unga. Jibu: "Mzee wetu, hii ni asili kabisa, haina madhara." Nilichouliza hakukigusa. Na hiyo asili nayo ina makali yake: kwinini ukiizidisha masikio yanavuma, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwenye lebo hiyo hiyo wameongeza kisukari, figo na nguvu za kiume. Dawa ikishatibu kila kitu, mimi huanza kushika mfuko wangu.

Kitu kingine kilichonikera: hakuna neno kuhusu gome limetoka wapi. Mti huu uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995, yaani gome likivuka mpaka linatakiwa kuwa na kibali. Mvunaji mwenye adabu hubandua pande mbili zinazotazamana na kuacha mbili, mti uendelee kuishi. Mwenye haraka huuvua nguo mzima, mti ukakauka umesimama. Chupa yangu haisemi ilihudumiwa na yupi kati ya hao wawili.

Matokeo? Wiki nane, niliandika kila nilipoamka kwenye kalenda ya ukutani. Wiki ya kwanza wastani wa mara nne na kitu. Wiki ya nane, mara nne na kitu. Tumbo lilisumbua siku tatu za mwanzo, likatulia. Nyota moja ni ya kifuniko kizuri, nyingine ni kwa sababu mzigo ulifika mapema.

Kwa ushauri wa daktari nimehamia kwa kapsuli nyingine ambazo lebo yake imeandika jina la kisayansi, neno utomvu, na miligramu 50. Niko wiki ya sita, naamka mara mbili, siku nyingine tatu. Nimeacha pia kunywa maji baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo sifa zote siipi dawa. Zile za zamani zimebaki kapsuli tano. Mpwa wangu akija, nitamfungulia moja kwenye sahani ajionee.